Ukaguzi Uanzie Mikononi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla zamu ya usiku haijakabidhi wodi, wanafunzi wangu walikuwa wameshajipanga mstari varandani. Sare zimepigwa pasi, mikanda imefungwa, viatu vyeusi vimefunika vidole. Nilifundisha uuguzi kwa vitendo wodini kwa miaka mingi, na kila asubuhi macho yangu yalianzia chini. Viatu vimepigwa kiwi? Kisha yakapanda: gauni limepita magoti? Mkunjo wa pasi umekaa? Nywele zimebanwa? Mara nyingi nilipokaribia kufika mikononi, muuguzi kiongozi alikuwa ameshatuita kwenye makabidhiano.

Asubuhi moja ya masika nilimrudisha hosteli binti mmoja kwa sababu sare yake ilikuwa imekunjamana na ina unyevu. Alikuwa nayo hiyo hiyo moja. Aliifua usiku, mvua ikanyesha hadi alfajiri, ikamkaukia nusu. Aliondoka akilia. Jirani yake mstarini alikuwa amepiga pasi hadi gauni linakaribia kusimama lenyewe. Huyo nilimsifu mbele ya wenzake, nikampangia wodi ya watoto njiti.

Saa nne nikaitwa. Mama mmoja alikuwa amemshika mwanafunzi wangu kiganja na kukigeuza taratibu. "Mwanangu," alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumuudhi nesi, "hizi kucha hazitamwumiza mtoto?" Zilikuwa kucha za kubandika, zimepakwa rangi ya maziwa, za kupendeza kweli kweli. Kwenye shavu la mtoto, ambaye hakufika hata kilo moja na nusu, palikuwa na mstari mwembamba mwekundu.

Mtoto yule alipona na akaenda nyumbani na mama yake. Lakini mimi sikuweza tena kusimama mbele ya ule mstari kama zamani. Nilikuwa nimemfukuza mwenye mikono salama, nikampeleka mwenye hatari kwa wagonjwa wadogo kuliko wote katika hospitali nzima. Na aliyeona ni mama, si mwalimu.

Kuna sababu ya kuwaogopea watoto hao. Mwishoni mwa miaka ya 1990, bakteria aina ya Pseudomonas walienea katika chumba cha uangalizi maalumu wa watoto wachanga huko Oklahoma City, Marekani. Watoto 46 walipata vijidudu hivyo, na 16 kati yao wakafariki. Wachunguzi walipopima mikono ya wahudumu, waliona uhusiano na wauguzi wawili: mmoja alikuwa na kucha zake mwenyewe alizozifuga ndefu, mwingine alikuwa na kucha ndefu za bandia. Taarifa yao, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa makini. Haikusema kwamba kucha peke yake ndizo zilizoua, ilisema huenda zilichangia. Kwangu mimi, "huenda" ya namna hiyo karibu na kitanda cha mtoto njiti inatosha.

Mwongozo wa usafi wa mikono wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unakataza kucha za bandia kwa mhudumu anayegusa wagonjwa, na unataka ncha ya kucha ya asili isizidi nusu sentimita. Sababu yake ni nyepesi kuielewa ukiieleza. Chini ya ukucha ndipo vijidudu vya mkononi hujazana, na maji na sabuni hufika hapo kwa shida. Kucha ya kubandika huongeza nyufa na kingo za kujificha. Kucha ndefu hutoboa glavu, na anayevaa glavu iliyotoboka anajiona salama wakati hayuko salama. Pete nazo: ngozi iliyo chini ya pete hubeba vijidudu vingi kuliko ngozi ya kidole kitupu. Saa ya mkononi humzuia mtu kuosha kifundo vizuri. Ndiyo maana muuguzi hubana saa yake kifuani, ikining'inia kichwa chini ili aisome yeye anapohesabu mapigo ya moyo.

Uingereza ilitangaza mwaka 2007 kwamba wahudumu wanaogusa wagonjwa waache mikono wazi kuanzia kiwiko kwenda chini: hakuna mkono mrefu wa shati, hakuna saa, hakuna bangili. Ushahidi kwamba nguo yenyewe humwambukiza mgonjwa haukuwa mzito, na haikuwa siri. Hoja ya msingi ilikuwa kwamba mkono ulio wazi huoshwa ukaoshika. Wahudumu Waislamu waliuliza kuhusu stara yao, na baadaye mwongozo ukaruhusu mikono ya kuvaa na kutupa, anayoivaa mtu baada ya kunawa na kuitupa anapomaliza na mgonjwa. Huo ndio utaratibu ninaoupenda: watu wanasikilizwa, na mgonjwa habaki hatarini.

Nasi wa pwani tuna maswali yetu. Msichana ametoka harusini Jumapili, viganja vimechorwa hina, Jumatatu yuko wodini. Nimeona walimu wakimgombeza kama aliyekuja na uchafu. Hina halisi hutia ngozi rangi, haiachi tabaka la kuficha vijidudu, na mikono yake ikioshwa imeoshwa. Piko ni habari nyingine. Ile nyeusi inayochanganywa na dawa ya nywele huwatoa baadhi ya watu malengelenge, na muuguzi mwenye malengelenge mkononi hapaswi kugusa kidonda cha mtu. Hijabu haina tatizo lolote ikiwa safi, fupi, imechomekwa vizuri na haimwangukii mgonjwa usoni. Mwalimu anayejua sababu ya kanuni anaweza kutofautisha mambo haya. Asiyejua atapiga marufuku vyote au ataruhusu vyote.

Kwa wavulana, mjadala huwa juu ya ndevu. Nao huendeshwa kana kwamba ndevu ni suala la adabu. Mwambie tu kwamba barakoa ya N95, ile anayoivaa anapomhudumia mwenye kifua kikuu, haifanyi kazi mpaka ishikane na ngozi pande zote, na kwamba hewa ya wodi hupita kwenye ndevu bila kuchujwa. Kijana akishajua hivyo, wembe atautafuta mwenyewe.

Manukato nitayasema kwa ufupi: mwenye pumu na mama mwenye uchungu wa kujifungua hawawezi kukukimbia.

Ninaloliona zito zaidi ni lile la binti wa sare moja. Tunawaambia wasipande daladala na sare ya wodini, wala wasiingie nayo sokoni, na tunasema kweli. Sasa wabadilishe wapi? Hospitali ngapi zimewapa wanafunzi chumba chenye mlango na ndoano ya kutundika nguo? Tunataka sare safi kila siku, huku mzazi aliyejikamua kulipa ada amemudu moja. Mwanafunzi huyo hufua saa nne usiku kwa ndoo, huikausha kwa pasi ya mkaa kabla ya alfajiri, kisha tunaita unyevu wake utovu wa nidhamu. Chuo kikidai usafi, kianze na seti tatu za sare ndani ya gharama inayojulikana tangu siku ya kwanza, pamoja na kabati hospitalini. Sinki lenye maji yanayotiririka na sabuni karibu na mlango wa wodi linamlinda mgonjwa kuliko kiwi yote ya mstarini.

Kofia nyeupe iliyokuwa fahari ya kizazi changu imeondoka katika hospitali nyingi duniani. Niliipenda, lakini sijaona mgonjwa aliyedhurika kwa kuikosa. Kitambulisho kifuani, hicho kisiondoke kamwe. Mgonjwa ana haki ya kujua kwamba anayetaka kumchoma sindano ni mwanafunzi, na jina lake ni nani.

Baada ya siku ile ya kucha niligeuza ukaguzi. "Mikono mbele!" ndilo lililokuwa neno la kwanza, viganja juu, kisha vigeuzwe. Kabla ya kwenda wodini niliwasimulia habari za Vienna mwaka 1847. Hospitali moja ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Katika wodi ya wakunga wanafunzi, akina mama walikufa wachache. Katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao, waliotoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha, Aprili ya mwaka huo walikufa zaidi ya 18 katika kila 100. Daktari Ignaz Semmelweis akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya klorini. Kufikia Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi karibu 2 katika kila 100.

Siku moja, nilipomaliza kusimulia, kijana wa mwaka wa pili alinyoosha mkono. Alikuwa mpole, mwenye kusita. "Samahani mwalimu," alisema, "kumbe waliokuwa wakiua ni wakubwa, si wanafunzi?"

Nikamwambia ndiyo. Mstari mzima ukanyamaza, na macho yao yakashuka mpaka kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto, palipokuwa na saa niliyopewa na marehemu mume wangu. Nikaifungua, nikaitia mfukoni, nikatangulia kwenye sinki.