Elimu ya Awali Bila Ada: Wanaoandikishwa na Wanaobaki Nyumbani

Elimu ya awali Tanzania Bara ni mwaka mmoja wa masomo kabla ya darasa la kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka huo kuwa wa lazima kwa watoto wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano, na kwa kawaida darasa lake huwa ndani ya shule ya msingi. Mafunzo katika shule nyingi za serikali hutolewa kwa Kiswahili na kwa njia ya michezo: watoto huhesabu vifuniko vya soda na punje za mahindi, huimba, husikiliza hadithi na kuchora. Kabla ya saa za mchana huwa wamesharudi nyumbani.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za umma, kuanzia awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mwitikio wa wazazi ulionekana papo hapo. Walioandikishwa elimu ya awali walipanda kutoka takribani milioni 1.07 mwaka 2015 hadi milioni 1.56 mwaka 2016. Hata hivyo, miaka iliyofuata idadi hiyo ilipungua, ingawa ada haikurudi.

Sababu ya kwanza ya watoto kubaki nyumbani ni umbali. Mtoto wa miaka mitano hawezi kutembea peke yake kilomita kadhaa, hasa masika mito inapofurika, na mzazi anayewahi shambani au gengeni hana muda wa kumpeleka asubuhi na kumfuata saa chache baadaye. Ndiyo maana wazazi wengine husubiri mtoto akue, kisha humwandikisha darasa la kwanza moja kwa moja.

Sababu ya pili ni gharama zilizobaki. Sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi, na uji wa shuleni hutegemea michango ya hiari ya unga, sukari na kuni. Shule isiyo na uji huwa na mahudhurio hafifu, kwa kuwa mtoto mdogo aliyeshinda na njaa kesho yake hukataa kwenda.

Sababu ya tatu ni msongamano. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini baada ya wimbi la 2016 wastani katika shule za serikali ulizidi watoto 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa. Darasa la namna hiyo hugeuka kuwa la kuimba na kukariri tu. Mzazi mwenye uwezo humhamishia mwanawe chekechea ya binafsi. Asiye na uwezo humwacha nyumbani na dada yake.

Hatua zilizochukuliwa zimelenga zaidi umbali na uhaba wa vyumba. Fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilijenga madarasa 3,000 katika shule shikizi, zinazosogeza masomo karibu na vitongoji. Mradi wa BOOST, wenye mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Dunia, umeongeza madarasa ya msingi na ya awali. Zanzibar imetumia vituo vya Tucheze Tujifunze, maarufu kama TuTu, ambavyo huendeshwa na jamii na kufundisha kwa msaada wa vipindi vya redio.

Pengo kubwa zaidi liko kwa watoto ambao hawajafikia umri wa awali. Vituo vya kulelea watoto mchana husajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, lakini vingi ni vya watu binafsi na taasisi za dini, na mzazi ndiye mlipaji. Kwa ujumla, kufuta ada kulijaza daftari la uandikishaji. Mahudhurio ya kila siku yatategemea darasa lililo karibu, uji na mwalimu wa kutosha.