Tusiwafutishe wanafunzi walichokiona

Kila msimu wa maonyesho ya sayansi unapowadia, maabara za shule zetu hugeuka karakana. Harufu ya risasi ya kulehemu hutanda, wanafunzi huomba ruhusa ya kukosa michezo, nasi walimu wa fizikia huanza kutembea kwa madaha ya watu wasioulizwa swali likawashinda. Nayasema haya kwa kuwa nimewahi kutembea kwa madaha hayo hayo, na aliyeyalipia ni mwanafunzi wangu.

Ilikuwa mwaka 2018, katika shule ya bweni iliyosumbuliwa na uhaba wa maji. Tangi letu lilikuwa juu ya mnara, ng'ambo ya uwanja mdogo ulio mbele ya jikoni, na aghalabu wapishi walijua kwamba limekauka pale tu bomba lilipokohoa ilhali maharagwe yako mekoni. Wanafunzi wanne wa Kidato cha Tatu, wakiongozwa na msichana mmoja asiye na maneno mengi, walinijia na wazo. Boya lielee tangini. Maji yakishuka lifunge swichi. Swichi iamshe chombo cha kurusha miale. Na jikoni kuwe na kipokezi cha kuliza kengele. Waya wa kukatiza uwanja usingehitajika. Nililipenda wazo hilo papo hapo.

Miale waliyoichagua ni ya infraredi, ile ile itumiwayo na rimoti ya televisheni, isiyoonekana kwa macho. William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipoutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo na kupima joto la kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana kitu, ndicho kilichopanda zaidi. Angeweza kusema kwamba kifaa kimeharibika. Hakusema hivyo.

Tatizo la infraredi ni kwamba imejaa kila mahali. Jua huimwaga, balbu huimwaga, hata makaa ya mekoni huimwaga. Kwa hiyo diodi ya kurushia miale haiachwi iwake tu. Huwashwa na kuzimwa kwa kasi, kwa kawaida mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi hutengenezwa kiitikie kasi hiyo na kuupuuza mwanga mwingineo. Kazi ya kuwasha na kuzima tuliipa chipu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na ambayo hata leo ni rahisi kuipata katika maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Hesabu yake inaelea kwa mwanafunzi yeyote: chukua rezista ya kwanza, ongeza ya pili mara mbili, zidisha kwa kapasita, kisha gawanya 1.44 kwa jibu hilo. Rezista ya omu 1,800, nyingine ya omu 18,000 na kapasita ya nanofaradi 1 hukupa mara 38,000 na ushei. Transista ndogo huupokea mpigo huo na kuipitishia diodi mkondo wa takriban miliampea 100, kutoka betri za volti 6, kupitia rezista ya omu 47. Bila ya rezista hiyo diodi huungua, tulipoteza mbili.

Wiki nzima ya kwanza ilipotea bure. Tulipoitazama diodi kwa kamera ya simu, ilionekana ikiwaka kwa rangi ya zambarau hafifu, kwa hiyo sote tuliamini kwamba yote ni shwari, lakini kipokezi kilikuwa bubu. Msichana yule ndiye aliyegundua kwamba kapasita tuliyonunua imeandikwa 103 badala ya 102. Tarakimu ya mwisho huhesabu sufuri za pikofaradi, na sufuri moja ya ziada ilikuwa imeishusha kasi hadi mara 3,800 tu. Nilimpongeza mbele ya wenzake. Laiti ningekumbuka pongezi hizo siku chache baadaye!

Kapasita ilipobadilishwa, kengele ililia. Lakini jioni ile aliandika daftarini kwa penseli: "Swichi ikifungwa, kengele hulia kidogo, kisha hunyamaza ingawa diodi bado inawaka." Akaniletea. Nikamwambia ni betri. Akabadilisha betri, hali ikawa ile ile. Nikamwambia ni viungo havikulehemiwa vizuri. Akavirudia vyote. Alipokuja mara ya tatu na kusema, "Mwalimu, si betri wala si viungo," nilihisi kwamba napingwa. Nilimjibu kwamba saketi haina ukaidi, wenye ukaidi ni watu. Na kwa kuwa zilikuwa zimesalia siku nne, nikamwagiza aifute sentensi hiyo na kuandika: "Kengele hulia maji yanaposhuka." Haukuwa uongo, kweli ililia. Akafuta.

Siku ya maonyesho jaji aliyapunguza maji ndooni. Kengele ikatoa mlio mmoja mfupi, ikanyamaza. Jaji akangoja. Kisha akauliza kwa upole, "Mmewahi kuliona jambo hili kabla ya leo?" Wavulana wakainamisha vichwa. Msichana akanitazama, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba pamoja na walimu wenzangu, halafu akajibu, "Hapana, mwalimu." Sijawahi kusikia uongo ulionichoma kiasi kile, maana niliyekuwa nikisitiriwa ni mimi.

Tuliporudi shuleni ndipo nilipoisoma karatasi ya maelezo ya kipokezi kwa makini, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Humo imeelezwa waziwazi kwamba chombo hicho kimeundwa kuitikia vipigo vifupi vyenye vituo katikati. Kikipewa mpigo usiokatika, hata uwe wa kasi barabara, hukihesabu kuwa kelele, mfano wa ile itokayo kwenye taa za mirija, na hupunguza usikivu wake hadi kinyamaze. Ni kama mgeni mlangoni. Abishaye hodi, akanyamaza, akabisha tena, hufunguliwa. Anayevuma mfululizo kama nyuki watu humzoea wakaendelea na shughuli zao. Chombo chetu kilikuwa kinavuma. Kila neno katika ile sentensi iliyofutwa lilikuwa kweli tupu.

Dawa yake ilikuwa chipu ya pili ya 555, iliyoungwa kwenye mguu wa nne wa ile ya kwanza, iiruhusu kwa mikrosekunde 600 na kuizuia kwa muda uo huo. Hivyo kila hodi ikawa na mipigo ipatayo 23, nayo kapasita ndogo upande wa kengele ikaziba mapengo. Kengele ikalia bila ya kukoma. (Jua la adhuhuri lilitusumbua bado, hadi kipokezi kilipovishwa mrija wa karatasi nyeusi.)

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya miradi inayofanywa sasa chini ya mtaala wa umilisi, uliofikia Gredi ya Saba mwaka 2023. Mara nyingi mwalimu anayemwelekeza mwanafunzi ndiye pia anayemtuza alama. Ikiwa alama hizo zitaendea sura ya chombo kilichokamilika, basi sisi walimu tutageuka wapaka rangi, na vyombo vitakavyopelekwa kwenye maonyesho vitakuwa vile vilivyonunuliwa vikiwa tayari. Sina ugomvi na wanaovinunua. Nina ugomvi na daftari lisilo na hitilafu hata moja. Daftari la mradi na liandikwe kwa wino. Ukurasa uliochanwa upunguziwe alama, na hitilafu iliyoelezwa vyema, hata kama haikutatuliwa, ipewe alama zake kamili. Naye mwalimu asiyejua jibu na aandike papo hapo kwamba hajui, atie na sahihi.

Nilimwomba radhi msichana yule mbele ya chama kizima cha sayansi. Alinisikiliza, akashukuru, kisha akauliza kama anaweza kuirudisha sentensi yake. Aliiandika pale pale ilipokuwa, juu ya alama ya ufutio, na pembeni akatia tarehe ya siku aliyoiandika mara ya kwanza. Muhula uliofuata hakurudi chamani. Alisema ana masomo mengi, nami sikuwa na haki ya kumuuliza zaidi.