Rafiki katika hadithi za watoto (2): Sikio la bibi kizee

Wiki iliyopita tuliagana chini ya mkuyu, kima akimdondoshea papa matunda. Kisa hicho, ambacho Edward Steere alikichapa mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Unguja, kimetoka mbali: Wahindi wanaye mamba badala ya papa, na katika Kalila na Dimna yumo kobe. Wanyama hubadilika, urafiki hauponi. Papa anautaka moyo wa mwenzake ukamtibu sultani. Kima anadai ameuacha mtini, anarudishwa, anapanda, basi. Mtoto amefundwa kutoroka. Sungura na fisi nao ni walewale: hulima wawili, akavuna mmoja.

Usukumani, Kishapu ikiwemo, kuna kisa cha namna nyingine. Kilifaa shikome, moto wa jioni ambapo wazee waliwafunda vijana. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu na mifugo yote. Amesalia mama mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Anajifungua Masala Kulangwa.

Wasimulizi hukimbilia vita. Mimi ningekaa kwanza na utoto wa huyu mvulana, asiye na hata mtoto mmoja wa kucheza naye. Anamuuliza mama: wenzetu wako wapi? Akishajibiwa, anaingia porini. Analeta panzi: ndiye huyu? Siye. Analeta ndege, analeta swala, siye, siye. Watoto hucheka hapo, na wana haki ya kucheka. Lakini anayechunga ng'ombe mbugani peke yake kutwa nzima anaelewa kwamba Masala anamsaka adui kwa sababu wenzake wote wamo tumboni mwake.

Zimwi linauawa, tumbo linapasuliwa, watu wanatoka. Kisu kinateleza, kinamkata bibi kizee sikio. Bibi hashukuru hata kidogo, anakusudia kumroga. Sasa Masala ana marafiki tele, nao wanamlinda usiku na mchana. Angeweza kuridhika na ulinzi huo. Badala yake anatafuta dawa mpaka sikio linapona, na hapo ndipo watu wote wanapomtawaza kuwa mtemi.

Mwalimu anayeliruka sikio ili kipindi kisimwishie amebakiwa na ngano ya shujaa tu. Kima na papa hawakupata nafasi ya kutibiana. Masala na bibi waliipata, tena bila kupendana kwanza.

Wiki ijayo: mbweha wa Antoine de Saint-Exupéry, wa mwaka 1943, anayetaka rafiki ajongee pole pole, kila siku hatua moja.