Ihumwa, mahali ambapo refa ndiye anayefanya mtihani

Shabiki wa soka akimwona mtathmini wa waamuzi hamtambui. Ni yule mtu mzima wa jukwaani, ana kalamu na karatasi, goli likiingia hainuki. Watu wote wanafuata mpira, yeye anamfuata refa. Akifunga karatasi zake, kuna mtu uwanjani ameshapandishwa au ameshapotezwa, na mashabiki wala hawana habari.

Kazi hiyo haiko Ligi Kuu peke yake. Iko mpaka kwenye kikapu cha sekondari, na ukitaka kuona refa anavyopimwa kikweli kweli, kikapu kinaonyesha vizuri kuliko soka.

Chukua Ihumwa. Ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa barabara ya Morogoro, jirani na Mji wa Serikali Mtumba. Wengi wanapataja kwa ajili ya bandari kavu na reli ya SGR. Sasa piga picha ya mechi ya shule mbili za huku, kipindi cha kujiandaa na UMISSETA. Upepo wa Dodoma unaleta vumbi juu ya saruji, mpira ukidundwa unateleza. Wanafunzi wamezunguka uwanja mpaka wanakanyaga mstari. Saa ya sekunde 24 hakuna, anayehesabu anahesabu kwa simu. Refa ni mwalimu kijana anayetafuta kupanda ngazi, na nyuma ya meza ya waandishi wa alama ameketi mtu aliyekuja kwa ajili yake.

Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Wachezaji 10 ndani ya eneo hilo, wanagusana kila sekunde. Refa wa soka anaweza kujitetea kwamba alikuwa mbali na tukio. Wa kikapu hana pa kujificha, kila mzazi na kila mwanafunzi yuko hatua tano kutoka kwake. Halafu kosa lake lina hesabu: mchezaji akifikisha faulo ya tano anatoka na harudi. Filimbi mbili za ovyo robo ya kwanza, nyota wa shule anaanza kucheza kwa woga mechi nzima.

Mashabiki tunadhani mtathmini anahesabu makosa tu. Kitu cha kwanza anachotazama ni miguu. Waamuzi wakiwa wawili, mmoja anatangulia chini ya kikapu, mwenzake anabaki nyuma ya mpira. Mpira ukihama, nao wanahama, na kila mmoja ana eneo lake la macho. Hapo ndipo vijana wengi wanapofeli: wote wawili wanautazama mpira kama mashabiki, huku mbali na mpira beki anamshika mtu jezi. Refa aliyesimama pabaya hata akipatia amebahatisha tu, na mtathmini mzoefu hampi alama ya bahati.

Kitu cha pili ni filimbi ambayo haikupulizwa. Kuna mguso wa kuacha na mguso wa kupuliza. Aliyenyang'anywa nafasi kapata hasara, pulizia. Kaguswa begani na bado kafunga, acha mchezo utembee. Sasa kijana akijua anatazamwa anataka kuonyesha kwamba sheria anazijua zote, anapuliza kila kitu, mechi inageuka kuwa foleni ya mitupo ya adhabu. Ni ugonjwa uleule wa refa wa soka anayetoa kadi nne ndani ya dakika 20 kwa sababu kaambiwa kamishna ni mkali.

Kwenye soka letu tunayajua zaidi mambo mawili ya mwisho. Mbio tunazisikia: kipimo cha FIFA kwa refa wa kati wa kiume ni mbio sita za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6, kisha mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, mara 40. Na adhabu tunazisoma. Kamati ya Saa 72 ikikaa, tunaletewa jina la refa na mizunguko aliyofungiwa kwa kutotafsiri vema sheria. Katikati hapo, yaani alichoandika mtathmini, alisimama wapi, alikosea kuona au alikosea kuamua, shabiki hapati kitu. Ndiyo maana vijiweni jibu linabaki moja: kahongwa.

Marekani, NBA, ligi aliyokwenda Hasheem Thabeet wetu mwaka 2009 akichaguliwa wa pili, tangu Machi 2015 inachapisha ripoti ya dakika mbili za mwisho za mechi zenye ushindani. Kila filimbi inaandikwa ilikuwa sahihi au la, na hata ile iliyopaswa kulia ikanyamaza. Marefa wenyewe hawaipendi sana, na nawaelewa, maana kosa la mchezaji aliyekosa kikapu cha wazi haliandikiwi ripoti. Lakini angalau mabishano yanaanzia kwenye tukio.

Kwa yule mwalimu wa Ihumwa hakuna ripoti ya kuchapishwa wala marudio ya televisheni. Alichonacho ni dakika chache baada ya mechi, jasho halijakauka, wanafunzi wa shule iliyofungwa bado wananung'unika getini. Mtathmini anayejua kazi haanzi na kosa. Anaanza na swali: "Kikapu kile cha mwisho, mwalimu, mpira ulikuwa kulia. Kushoto kulikuwa na nani?"

Kijana akitaja namba mbili za jezi bila kufikiri, mtathmini anaandika. Akianza kueleza habari za mpira, anaandika pia.