Kwa nini chungu hupungua tunapopanda mlima?

Swali hili ni la sayansi, lakini haliwezi kujibiwa kabla ya kukubaliana kuhusu neno moja. Chungu ni nani? Simaanishi chungu cha kupikia, wala ladha ya shubiri. Namzungumzia mdudu mdogo mwenye kiuno chembamba, anayeishi katika jamii yenye malkia na vibarua.

Katika ukoo huu wamo siafu, wanaosafiri kwa misafara na kumfanya mtu avue viatu mbiombio. Wamo sisimizi, wale wanaoizingira sukari jikoni. Wamo pia majimoto wa pwani, wanaounganisha majani ya miti kuwa viota. Mchwa je? Hayumo! Japo wengi wetu tunawachanganya wadudu hawa, mchwa ni jamaa wa mende, ilhali chungu ni jamaa wa nyuki na nyigu. Anayewahesabu mchwa miongoni mwa chungu atapata jumla isiyo sahihi.

Wanasayansi wamekwisha kueleza zaidi ya spishi 14,000 za chungu duniani, nyingi zikiwa za nchi za joto. Hapa kwetu, Msitu wa Kakamega peke yake una zaidi ya spishi 250. Msitu huo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Lakini ukipanda Mlima Kenya hadi mita 4,000, kwenye baridi ya usiku inayogandisha maji, chungu ni nadra mno.

Sababu kuu ni joto. Kila tunapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita za Selsiasi. Sasa, chungu hana uwezo kama wetu wa kujitengenezea joto la mwili. Hutegemea jua na udongo. Ardhi ikiwa baridi, vibarua hawatoki kutafuta chakula. Mayai na mabuu nayo huchelewa kukua. Jamii inayopata saa chache tu za kazi kwa siku italishaje maelfu ya wanawe? Spishi moja hushindwa, kisha nyingine, hadi kilele kibaki karibu kitupu.

Hata hivyo, tusifikiri kwamba kila mlima hufuata mkondo huo huo. Katika Mlima Kinabalu nchini Malaysia, utafiti uliochapishwa 1999 ulichunguza chungu wa msituni kuanzia mita 560 hadi 2,600. Idadi ya spishi ilishuka kwa kasi kadiri watafiti walivyopanda. Kwenye milima ya Nevada, Marekani, mambo yalikuwa kinyume: spishi ziliongezeka kuelekea juu. Kwani kuna nini huko? Chini ni jangwa. Pale tatizo la chungu si baridi bali ukavu, na kupanda ni kuufuata unyevu.

Bara letu nalo limechangia. Katika milima ya Drakensberg, kwenye njia ya Sani Pass inayotoka Afrika Kusini kuingia Lesotho, watafiti waliwafuatilia chungu kwa miaka saba. Walichagua vituo vinane, kuanzia mita 900 hadi 3,000, na kufukia vikombe ardhini ili chungu wapitao watumbukie. Walifanya hivyo msimu wa mvua na wa kiangazi, na picha za misimu hiyo miwili hazikulingana. Joto lilijitokeza kuwa nguzo kuu ya tofauti hizo. Isitoshe, chungu wa sehemu zenye baridi walikuwa weusi zaidi na wakubwa zaidi. Si ajabu, kwa maana rangi nyeusi hunasa joto la jua upesi.

Yote haya yanatuhusu vipi? Dunia inazidi kupata joto. Spishi za chini zinaweza kupanda kutafuta ubaridi waliouzoea, lakini zilizoko karibu na kilele zitapanda wapi? Mlima una mwisho. Zikitoweka, tutapoteza wadudu wanaopitisha hewa udongoni, wanaosambaza mbegu na wanaowinda wadudu wengine. Na hatutajua nani ametoweka iwapo hatukujua nani alikuwapo.

Ndipo lugha inapoingia. Majina ya chungu katika kamusi zetu ni machache, ilhali jamii zinazoishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Elgon na Taita zina majina yao, yaliyotokana na kuwatazama wadudu hawa kwa vizazi vingi. Walimu na wanafunzi wangeyakusanya, pamoja na mahali kila mdudu anapopatikana, Kiswahili kingepata msamiati na sayansi ingepata kumbukumbu. Kazi hiyo ifanywe wazee wanaoyajua majina hayo wangalipo.