Rangi Ambazo Hazikuwamo Kwenye Mashine

Kompyuta ni ileile, Apple II ya mwaka 1977, na mchezo ni uleule. Kwenye TV ya chogo ya Kimarekani, anga ni ya zambarau. Kwenye monita kali isiyoelewa rangi za NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, anga hiyohiyo ni mistari ya wima, myeusi na myeupe, iliyosimama kama meno ya kitana. Hakuna kilichoungua. Rangi imekwenda wapi?

Fundi mmoja wa Boston, anayefufua mashine hizi, swali hilo humchekesha. Rangi haijaenda popote, anasema, maana haikuwamo. Kwenye kumbukumbu kuna nukta tu: imewaka au imezima. Steve Wozniak, aliyeisanifu, alikuwa bahili wa chipu. TV ya NTSC huitambua rangi kwa mapigo ya megahezi 3.58, yeye akazitoa nukta kwa kasi maradufu ya hiyo. Washa nukta za safu shufwa peke yake, TV inadanganyika na kuona zambarau. Washa za witiri, inaona kijani. Washa mbili zilizoshikana, nyeupe. Kisha, kwenye bodi zilizofuata zile za mwanzo kabisa, kuna biti moja ya ziada: ikizichelewesha nukta kidogo tu, zambarau inageuka buluu na kijani inageuka chungwa.

Ulaya ujanja huo uligonga mwamba, kwani mapigo ya rangi ya PAL, mfumo wa TV wa huko, ni megahezi 4.43. Apple II Europlus ya mwaka 1979 ilitoa picha isiyo na rangi hadi mwenyewe aongeze kadi.

Leo wateja wanataka TV za flati, na hapo ndipo fundi anapokuna kichwa. Kiwango cha NTSC ni mistari 262 na nusu kwa kila pigo la picha; mashine hii hutoa 262 kamili. Kwa sababu ya nusu mstari huo unaokosekana, vigeuzi vya bei chee vya kuiunganisha na TV hizo huivuruga picha ikatetemeka.

Zipo programu zinazokokotoa jinsi TV ingedanganyika, na fundi anazisifu. Kinachomkera ni kimoja: TV za NTSC zilikuwa na kitufe cha kurekebisha rangi, na kila nyumba ilikizungusha ipendavyo. Basi zambarau ya nyumba ipi ndiyo iigwe?