Uzi wa Mtawa na Mafuta ya Upako



Wasomi wetu wengi tulioko nje tunapenda kusema Ukristo umejaa manabii wanaouza miujiza, ila Ubudha ni falsafa safi, hauna ushirikina wala ufisadi. Mimi sikubali.

Fundi anayenitengenezea gari hapa Wadi Kabir ni Mbudha wa Sri Lanka. Mkononi kafunga uzi mweupe uliosomewa na watawa, umkinge na mabaya. Tofauti yake na hirizi za kwetu sijaiona.

Tazameni na makubwa. Aprili 2007, Nakhon Si Thammarat, kusini mwa Thailand, watu waligombania hirizi za Jatukham Ramathep, mwanamke mmoja akakanyagwa akafa. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, waumini walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, wakafa watu 20.

Na vitabu vyenyewe vinakataza! Kanuni za watawa wa Kibudha zinawazuia kupokea dhahabu na fedha, na mafundisho yao yanahesabu uaguzi kuwa kazi duni. Kwenye Matendo ya Mitume sura ya 8, Simoni mchawi alitaka kununua uwezo wa Roho Mtakatifu, Petro akamkemea.

Sasa ufisadi unaingiaje? Mbudha hutoa sadaka hekaluni apate heri katika maisha yajayo. Mkristo wa makanisa ya miujiza huambiwa apande "mbegu", avune hapa hapa duniani. Wa kwanza hawezi kudai, maana malipo ni baada ya kufa. Wa pili akikosa anaambiwa imani yake ndogo. Kwa hiyo wote wawili hawahoji pesa imekwenda wapi. Julai 2025 polisi wa Thailand walimkamata mwanamke aliyedaiwa kuwa na uhusiano na watawa wakubwa kadhaa. Walisema alipokea kama baht milioni 385 kwa miaka mitatu.

Mwaka jana mpwa wangu alinipigia toka nyumbani, mtoto wake anaumwa, anataka hela ya mbegu. Nikamtumia ya hospitali. Mtoto kapona, lakini mama yake mpaka leo ananiona mjomba asiye na imani. Nimekubali lawama hiyo. Dini yoyote ile, mimi nauliza kwanza: hela inashikwa na nani, na nani anamkagua?

Naomba kutoa hoja.